Kusukumwa, kutulia, kaza-legeza au nguvu? Kuchagua njia ya kunyoosha viungo vya mtoto wa jimnastiki

Mzazi anayempeleka mtoto mazoezini Kisumu au Nakuru hukutana na swali hili mapema kuliko alivyotarajia. Mtoto ana miaka 9, anapinduka vizuri, mikono ina nguvu, lakini akipiga msamba anakwama nusu njia. Kocha mmoja anasema asukumwe, atazoea. Mwingine anasema aachwe, viungo vitafunguka polepole. Wa tatu anataka mazoezi ya nguvu kwanza. Na wote watatu wana watoto wanaoshuka hadi chini, kwa hiyo kila mmoja ana ushahidi wake wa kukuonyesha.

Ulinganisho huu ni wa wazazi na makocha wa huku kwetu, kutoka Nakuru hadi Kakamega na Kisumu, ambako jimnastiki na sarakasi hufanywa zaidi kwenye nyasi, kwenye ukumbi wa mtaa au uwanja wa shule masomo yakiisha, magodoro yakiwa machache na watoto wakiwa wengi. Njia ninazolinganisha ni 4, na kila moja ina mtoto inayemfaa. Ila kuna swali moja nitakalolirudia kwa zote: mtoto akifika pale mwili unaposema basi, breki iko mkononi mwa nani?

Kwanza, maumivu yenyewe

Wanaochunguza maumivu hutenganisha mambo mawili ambayo mazoezini huchanganywa. Kuna pale maumivu yanapoanza kusikika, na kuna kiasi ambacho mtu anaweza kukistahimili kabla ya kuomba aachwe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wanamichezo huwazidi watu wengine hasa kwenye hilo la pili. Kuhusu maumivu yanaanzia wapi, tofauti haikuwa wazi. Kustahimili, wanastahimili zaidi. Kwa mtoto wa jimnastiki hiyo ni sifa, na pia ni hatari. Mtoto aliyezoea kustahimili huchelewa kusema, na kocha aliyezoea kumsifu kwa kunyamaza hupata habari jeraha likiwa limeshakomaa.

Kunyoosha viungo kumefungamana na ustahimilivu huo kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1996 Peter Magnusson na wenzake huko Denmark walichapisha utafiti ambapo watu wazima walinyoosha mguu mmoja kila siku kwa takriban wiki 3. Mguu ule ulifika mbali zaidi ya mwanzo. Lakini walipoupima msuli kwenye pembe ile ile ya zamani, ukinzani wake ulikuwa haujabadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliweza kuvumilia mvuto mkubwa zaidi. Mazoezi ya miezi mingi yanaweza kuugeuza na msuli pia, ila zile hatua za mwanzo, zinazomfurahisha mzazi baada ya mwezi mmoja, kwa sehemu kubwa ni neva zimekubali kwamba mahali pale hapana hatari.

Na neva hazikubali kwa kutishwa. Mtoto mwenye hofu hukaza misuli ile ile unayotaka ilegee. Ukiendelea kumkandamiza, mvuto unahamia mahali pengine: kwenye kano, kwenye kiungo, kwenye mfupa.

Hapo ndipo huwa napishana na makocha wanaosema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli mtoto wa miaka 7 ni mwepesi wa viungo kuliko wa miaka 15, na kuanza mapema kunasaidia. Lakini mtoto ana kitu ambacho mtu mzima hana tena, nacho ni gegedu za ukuaji: sehemu laini karibu na ncha za mifupa na pale kano zinaposhika mfupa. Mtu mzima akivutwa kupita kiasi, kwa kawaida kinachochanika ni msuli. Kijana wa miaka 13 au 14 akivutwa vivyo hivyo, kano inaweza kung'oka na kipande cha mfupa, kwa kuwa kwake hapo ndipo palipo dhaifu. Kwa wanaopiga msamba, mahali pa kuchunga zaidi ni mfupa wa kukalia, misuli ya nyuma ya paja inapoanzia. Gegedu ya pale huchelewa kukomaa. Kwa wengine hadi baada ya miaka 20. Jeraha lake hula miezi.

Basi mfundishe mtoto kutofautisha. Mvuto wa kawaida uko katikati ya msuli, umetanda, na hutoweka ndani ya sekunde chache akitoka kwenye mkao. Usio wa kawaida huchoma kwenye nukta moja karibu na mfupa wa kukalia au kinenani. Au unabana ndani ya nyonga kwa mbele. Au unapiga shoti na ganzi kuelekea unyayoni. Au bado upo kesho yake. Au unamwamsha usiku. Maumivu ya kiuno mtoto anapojipinda nyuma kwenye daraja yasipuuzwe hata kidogo. Jimnastiki ni miongoni mwa michezo inayojulikana kwa nyufa ndogo za pingili za kiuno, na mtoto hazioni, anasikia tu mgongo unauma akijikunja kinyume.

Mimi hupendelea kipimo cha 0 hadi 10: kazi ifanyike kwenye 3 au 4, ikifika 5 anatoka bila kuomba ruhusa. Kwa wadogo, chora nyuso kwenye karatasi, kutoka inayotabasamu hadi inayolia, naye aonyeshe kwa kidole. Na kuna jambo la malezi yetu ambalo lazima lisemwe. Mtoto wa huku amefundishwa kutojibizana na mkubwa. "Niko sawa, kocha" mara nyingi ni adabu, si taarifa. Mpe ishara isiyohitaji kumkatalia mtu mzima kwa mdomo, kama kupiga sakafu kwa kiganja mara 2, na ishara hiyo iheshimiwe papo hapo, kila mara, hata ukihisi anadeka.

Vigezo ninavyotumia

Nimeipima kila njia kwa mambo 5. La kwanza, maumivu na breki: mtoto anasikia nini, na nani anaamua kuacha. La pili, matunda: inampa unyumbufu wa aina gani, na anaweza kuutumia akiwa hewani au ni wa kukaa tu sakafuni? La tatu, hatari kwa mwili unaokua. La nne, mahitaji: muda, vifaa, idadi ya watu, ujuzi wa kocha. La tano, inamfaa nani.

Njia zote zinadai jambo moja kabla: mwili uwe umepata joto. Dakika 10 za kukimbia, kuruka kamba na kuzungusha viungo zinatosha jioni ya Kisumu. Nakuru iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, zaidi ya mita 700 juu ya Kisumu, na asubuhi za Juni na Julai huko ni za baridi. Ongeza dakika 5, na watoto wabaki na sweta mpaka watoe jasho.

1. Kusaidiwa na mikono ya mwingine

Mtoto anashuka anapofika, kisha kocha au mwenzake anaongeza: mkono kwenye nyonga, mguu kuinuliwa, bega kusogezwa kwenye daraja.

Niitendee haki kwanza. Wataalamu wa fiziotherapia na walimu wa dansi hutumia mikono kila siku, na mikono mizuri hufundisha kitu ambacho maneno hayafundishi. Mtoto anayepiga msamba huku nyonga ya nyuma imefunguka pembeni hajui kama imefunguka. Ukiiweka sawa kwa viganja viwili bila kusukuma chini hata kidogo, anaelewa papo hapo. Pia kuna mtoto asiyejua kulegea, na mkono wa mtu anayemwamini humpa utulivu.

Kulazimishwa ni kitu kingine, nami sikihesabu kama njia. Mwaka 2017 video za wasichana wa timu ya kushangilia ya shule moja ya sekondari huko Denver, Marekani, zilionekana kote duniani: wameshikiliwa kwenye msamba, wanalia na kuomba waachwe. Kocha alipoteza kazi. Uingereza, ripoti ya wakili Anne Whyte iliyotoka Juni 2022 ilipokea maelezo ya zaidi ya watu 400 kuhusu jimnastiki ya nchi hiyo, na miongoni mwa ukatili iliouandika ni watoto kunyooshwa kwa nguvu hadi kudhikika, na kufanyishwa mazoezi wakiwa wameumia. Nchi hizo zina magodoro, madaktari na kumbi ambazo sisi hatuna, na bado yalitokea. Yanayotokea viwanjani mwetu bila ya kuandikwa popote yananisumbua sana.

*Maumivu na breki.* Breki iko mkononi mwa mwingine. Hili ndilo tatizo la msingi hata kwa kocha mwema: mkono wake hauhisi kile mtoto anachohisi, na kati ya mtoto kuumia na kocha kuachilia kuna sekunde inayopotea.

*Matunda.* Kwa macho, ndiyo ya haraka kuliko zote. Lakini unyumbufu wake ni wa kupokea. Mtoto anafika chini kwa kuwa kuna uzito juu yake, na mwanya alioupata hana misuli ya kuutawala.

*Hatari.* Kubwa kuliko zote 4, hasa pale mtu anaposukuma kwa kushtua, anapodundisha, au anapomkalia mtoto mgongoni. Vijana walio katikati ya kurefuka wasisukumwe kabisa.

*Mahitaji.* Kocha mmoja kwa mtoto mmoja, kocha anayejua viungo, na mahali pa wazi. Mikono karibu na kinena na mapaja ya mtoto ni jambo la kuombea ruhusa kila mara, mbele ya watu, na mzazi akitaka kutazama atazame. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya unyanyasaji na aina zote za ukatili. Ukumbi wa mazoezi haumo nje ya Katiba. Watoto wadogo wasisukumane wenyewe kwa wenyewe. Huanza kwa kusaidiana, huishia kwa mashindano.

*Inamfaa nani.* Mtoto anayehitaji kuelekezwa mkao, mwenye kocha anayemwamini na ishara ya kuacha inayofanya kazi. Mikono ielekeze, isibebe uzito.

2. Kutulia mwenyewe kwenye mkao

Hii ndiyo wengi wanaijua: mtoto anaingia kwenye mkao, anatulia sekunde 15 hadi 30, anapumua, anatoka, anarudia. Miongozo ya wataalamu wa michezo wa Marekani hupendekeza jumla ya sekunde 60 kwa kila msuli, angalau siku 2 au 3 kwa wiki. Anayeinama kushika vidole na havifikii avute mguu kwa leso (kanga) iliyopitishwa kwenye unyayo. Kila nyumba ina leso. Anayepiga msamba aweke mikono kwenye vitabu au viti viwili vifupi na apunguze uzito mwenyewe.

*Maumivu na breki.* Breki ni yake yote. Mvuto unaongezeka polepole, naye anausikia ukiongezeka. Kwa kumfundisha mtoto kuusoma mwili wake, sijaona iliyo bora kuliko hii, kwa kuwa hakuna mtu wa kumfurahisha katikati ya mkao. Udhaifu wake ni huo huo: mtoto mvivu hubaki pale pale mwaka mzima, na mtoto mwenye tamaa ya kushuka hujishindilia mwenyewe akiwa peke yake chumbani. Huyo wa pili anahitaji kuchungwa kama anayesukumwa.

*Matunda.* Ya kati kwa kasi, ya kuaminika ukiwa na subira. Nayo ni ya kupokea zaidi: atakaa kwenye msamba vizuri, lakini akiruka miguu haitafunguka kiasi hicho.

*Hatari.* Ndogo, kwa sharti la kuuweka wakati wake. Kutulia zaidi ya sekunde 60 kwa msuli mmoja muda mfupi kabla ya kuruka hupunguza kidogo nguvu ya mruko. Basi mikao mirefu iwe mwisho wa mazoezi, si mwanzo. Tahadhari nyingine ni kuweka mguu juu ya tofali au stuli ili msamba upite mstari wa sakafu. Kanuni za jimnastiki ya kisanii kwa wanawake hudai mruko wa msamba ufunguke nyuzi 180, na hizo ni sakafu tambarare. Kumpeleka mtoto wa miaka 8 chini ya hapo kunamwongezea mzigo wa nyonga pasipo sababu.

*Mahitaji.* Karibu hakuna. Kocha mmoja anaweza kusimamia watoto 30 kwenye uwanja wa shule. Mvua ya alasiri ikiwakimbiza ndani ya darasa, sogeza madawati na endelea.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtoto kuanzia miaka 6 au 7 anayeweza kutulia, na makundi makubwa. Walimu wa shule ambao mtaala umewaletea jimnastiki ndani ya elimu ya viungo, nanyi hamjasomea ukocha, anzieni hapa.

3. Kaza-legeza

Asili yake ni tiba. Herman Kabat, daktari wa neva wa Marekani, aliijenga miaka ya 1940 kwa ajili ya wagonjwa waliopooza, ndipo michezo ikaichukua. Mtoto anaingia kwenye mkao hadi mvuto wa 3 kati ya 10. Kisha anaukaza msuli ule ule unaovutwa, kwa mfano anasukuma kisigino kwenye bega la kocha au dhidi ya leso, kwa sekunde 5 au 6. Analegeza, anapumua, kisha anasogea kidogo zaidi na kutulia sekunde 15 hadi 20. Mara 2 au 3, imetosha.

*Maumivu na breki.* Breki inagawanywa, na inagawanywa vizuri kuliko kwenye kusukumwa, kwa kuwa mtoto anafanya kazi na anasema lini amelegea. Zamani makocha waliambiwa kwamba kukaza huzima msuli kwa njia ya neva za kwenye kano. Siku hizi maelezo yanayopewa uzito ni yale yale ya Magnusson: ustahimilivu wa mvuto unapanda kwa muda. Maana yake, baada ya kukaza mtoto *hahisi* mpaka wake kama kawaida. Hilo ndilo linaloleta matokeo, na hilo ndilo la kuogopwa. Usitumie dakika hiyo kumwongezea sentimita nyingi.

*Matunda.* Haraka, mara nyingi ndani ya kipindi kile kile, na kwa kuwa anakaza akiwa mwishoni mwa mkao, anajenga na nguvu kidogo ya kuutawala.

*Hatari.* Ya kati. Kukaza kwa nguvu zote kunavuta ile kano iliyoshika kwenye gegedu ya ukuaji. Miongozo inaruhusu kati ya asilimia 20 na 75 ya nguvu. Kwa wanaokua, nisingepita nusu.

*Mahitaji.* Mtoto anayeelewa "kaza nusu". Wa miaka 7 hukaza kwa nguvu zote ama hakazi. Anayeifanya anahitaji mwenzake mtulivu au leso na ukuta, na siku ya mapumziko kati ya vipindi.

*Inamfaa nani.* Kijana mwenye miaka kadhaa ya mazoezi aliyekwama mahali pamoja kwa muda mrefu. Vijana wa sarakasi wanaojiandaa kwa onyesho na wamebakiza vidole vitatu kufika chini hufaidika nayo kuliko wote.

4. Unyumbufu wa nguvu

Hapa mtoto hafiki mwisho wa mkao kwa uzito au kwa mvutano, anafika kwa misuli yake. Anasimama karibu na ukuta na kuinua mguu mbele bila kuushika, anaushikilia sekunde 5. Anavaa soksi kwenye sakafu laini ya ukumbi, anateleza polepole kuelekea msamba akijizuia, kisha anajivuta kurudi juu. Analala kifudifudi akiinua kifua na mabega ili daraja lifunguke kwenye mabega na mgongo wa juu badala ya kuvunjikia kiunoni.

*Maumivu na breki.* Breki imo ndani ya zoezi lenyewe: misuli ikichoka, mguu unashuka. Hata kocha mkali hawezi kumfikisha mtoto mahali ambapo nguvu zake hazifiki. Atasikia mwako wa uchovu, pengine msuli kukaza ghafla kwa mbele ya paja, na maumivu ya misuli kesho na keshokutwa. Hayo mweleze mapema ili asiyachanganye na jeraha.

*Matunda.* Ya polepole kuonekana, na hapa ndipo wazazi hukata tamaa. Wiki 6 zinapita, msamba umeshuka kidogo tu, wakati mtoto wa jirani anayesukumwa amefika. Lakini tazama mruko. Mwili hufungua hewani kile unachoweza kukishika kwa nguvu, na mtoto huyu anafungua karibu kila alichonacho. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha mazoezi ya nguvu na ya kunyoosha katika kuongeza upana wa miondoko, na haukupata tofauti ya maana kati yake. Kwa hiyo hata nambari za sakafuni hazipotei, zinachelewa.

*Hatari.* Ndogo kwa neva na viungo, ikiwa idadi inapanda taratibu. Kuteleza kwenye soksi bila kujizuia ni kujiangusha. Aanze na mikono kwenye viti.

*Mahitaji.* Vifaa ni vichache, ila jicho la kocha lazima liwe kali. Mtoto mwenye hila huinua mguu kwa kupinda mgongo, na kocha asiyejua atamsifu.

*Inamfaa nani.* Wengi, lakini wawili zaidi ya wengine: mtoto mwenye nguvu za miguu anayeruka vibaya, na mtoto mwenye viungo vilegevu, ambaye ninamrudia hapa chini.

Kwa hali yako

*Mtoto ana miaka 5 hadi 8.* Michezo, kupiga teke hewani, kutembea kama kaa na kama dubu, na mikao mifupi ya kutulia mwishoni. Kushuka hadi chini kusiwe lengo la mwaka huu. Ukiona kocha anawapima watoto wa umri huo kwa sentimita na kuwapanga foleni, zungumza naye.

*Mtoto analegea kupita wenzake bila mazoezi.* Anakunja kidole gumba hadi kigusane na mkono kati ya kiganja na kiwiko, viwiko na magoti vinarudi nyuma kupita mstari. Kuna kipimo cha alama 9 kinachoitwa Beighton, na mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukifanya kwa dakika chache. Mtoto huyu ndiye anayependwa na makocha wote, kwa kuwa anashuka kwenye msamba siku ya kwanza na hasemi anaumia, na ndiye anayehitaji kunyooshwa kidogo kuliko wote. Kwake hakuna cha kulegeza zaidi. Kuna cha kushikilia. Njia ya 4, basi. Asisukumwe hata kwa mzaha.

*Amerefuka ghafla.* Kwa wasichana kilele huwa karibu miaka 12, kwa wavulana karibu 14, ingawa wana jimnastiki wengi huchelewa. Viatu havimtoshi, na msamba aliokuwa nao mwaka jana umepotea. Hajazembea. Punguza lengo, acha kaza-legeza na kusaidiwa kwa miezi hiyo, baki na kutulia kwa upole na nguvu. Mweleze kwamba msamba utarudi, kwa sababu huu ndio wakati ambao watoto wengi hujilaumu na kujishindilia usiku.

*Wewe ni mwalimu mmoja na watoto 40.* Nguvu baada ya kupasha mwili joto, kutulia mwishoni, na marufuku ya kusukumana itangazwe mbele ya wote. Wafundishe ishara ya kiganja hata kama hakuna anayeguswa; wataihitaji kwingine.

*Mvulana wa miaka 14 ameanza sarakasi leo.* Anaona wa miaka 8 wanamshinda na ana aibu. Mwanzishie njia ya 4 kwa kuwa ana nguvu na atajiona anaweza, ongeza kutulia siku 3 kwa wiki. Kaza-legeza ingojee miezi kadhaa, na kurefuka kwake kutulie.

*Onyesho ni wiki 2 zijazo na amekwama.* Kaza-legeza mara 3 kwa wiki kwa kijana mzoefu, kisha siku 2 za mwisho mwache apumzike. Kwa mtoto mdogo, badilisha mchezo: kuna mikao mingi mizuri isiyo msamba, na watazamaji hawana orodha mkononi.

*Ameshaanza kuumwa.* Nukta karibu na mfupa wa kukalia, kiuno akijipinda, au alisikia kitu kimelia wakati wa kushuka: acha kunyoosha upande huo leo hii, usikande, usipake dawa ya moto ukamrudisha uwanjani. Ikiwa alisikia mlio na sasa anachechemea, aonwe siku hiyo hiyo. Hospitali za rufaa Kisumu, Nakuru na Kakamega zina idara za fiziotherapia. Mweleze mtaalamu mtoto anafanya mchezo gani na anaumia kwenye mkao upi, kwa kuwa maneno "anaumwa mguu" hayatamfikisha kwenye picha ya eksirei anayoihitaji.

*Anasema kocha humshikilia hata akilia.* Msikilize mpaka amalize, bila kumuuliza kwanza alikuwa amekosa nini. Mtoe kwenye mazoezi hayo wakati mnalifuatilia. Zungumza na uongozi wa shule au klabu, na kama hawasikii, nambari ya msaada kwa watoto ni 116, bila malipo. Akitaka kuendelea na jimnastiki mahali pengine, mwache aendelee, na siku ya kwanza muulizeni kocha mpya pamoja, mtoto akiwepo: akipiga sakafu mara 2, wewe utafanya nini?